Mwandishi Aliyemeza Li

Kina mama, sogeeni karibu, na wewe uliyekaa mlangoni vuta huo mlango. Ninayotaka kuwaambia leo yasitoke nje ya mkeka huu. Kila mmoja aweke mkono kifuani aseme moyoni kwamba hatosema. Haya, mikono nimeiona. Mimi mwenyewe nilipohadithiwa niliapishwa, na aliyeniapisha alikuwa ameapishwa pia, na kiapo chake kilidumu mpaka alipokuja kwangu kuomba chumvi. Changu kimedumu mpaka leo baada ya Alasiri. Msinilaumu, nimejitahidi.

Habari yenyewe ni ya mwandishi wa vita.

Zamani, zama za ngao na mikuki, palikuwa na mji mmoja wenye ukuta. Mji wa namna ile, pamoja na mfalme wake na kadhi wake na mpiga siwa wake, lile baragumu la kifalme, ulikuwa pia na mtu wa kuandika vita. Kazi yake haikuwa kupigana. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya ukuta atazame: nani amesimama, nani amegeuka, nani amemkinga mwenzake kwa ngao yake mwenyewe, nani amemuua adui aliyekwisha kuanguka. Maana waungwana wa zama zile walikuwa na adabu zao hata katika kuuana. Vita vikiisha, mwandishi anakaa na kalamu yake ya tete na wino wake wa masizi, anaandika kitabuni, na siku ikifika, na tena kila mwaka, anasoma barazani mbele ya mfalme na watu wote. Na lazima aanze kwa maneno haya: "Naliona kwa macho yangu." Bila maneno hayo, kitabu hakisomwi.

Kikishasomwa, ngao zinatundikwa. Ngao ya aliyesimama inatundikwa ukutani mwa baraza, uso ukitazama watu. Ya aliyekimbia nayo inatundikwa, ila uso unatazama ukuta, na watu wanaona mgongo wake, ile mikanda ya kushikia. Mtasema si wangeitupa tu yakaisha? Wakiitupa watu watasahau. Wao waliitundika ili mtu asisahau.

Basi mwandishi wetu huyu alikuwa bingwa. Sauti nzuri, hati nzuri, kilemba kimepigwa pasi ya mkono mpaka kinang'aa. Akisoma vita, wanaume waliokuwa vitani kwenyewe wanakaa wanasikiliza kama hawajui vitaishaje. Na alijijua. Mtu akijua sauti yake ni nzuri, mwenzangu, huyo mwangalie kwa makini.

Mwaka mmoja watu wa mji wa pili wakaja kupigania kisima cha nje ya lango. Mwandishi akapanda ukutani, kalamu sikioni, karatasi kifuani. Hajakaa sawasawa, mshale ukapita ukachukua ncha ya kilemba chake ukaenda nayo. Kichwa haukukigusa. Kilemba tu. Lakini yeye alishuka kwa haraka kuliko alivyopanda, akapita uchochoro wa nyuma, akajikuta jikoni kwake.

Mkewe alikuwa na masufuria ya wali wa wapiganaji. Akamtazama.

"Umesahau nini?"

"Kalamu."

"Si hiyo hapo sikioni."

Mwandishi akaigusa kalamu, akakaa kitako. Alijiambia atapumzika kidogo tu, kisha atarudi juu.

"Haya, ukikaa usikae bure," mkewe akasema. "Kuna nazi hapo."

Basi mwandishi wa vita wa mji ule, kina mama, siku ya vita alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi. Kelele za langoni zikizidi, naye anazidi kukuna. Mkewe anasema hajawahi kuona nazi imekunwa laini vile.

Alasiri vita vikatulia. Watu wa mji wa pili wakarudi kwao. Majeruhi mmoja akaletwa kupumzishwa kwenye kibaraza cha mwandishi, mdomo umepasuka, ubavu umefungwa shuka. Mwandishi akatoka mbio na karatasi yake, mikono bado ina mafuta ya nazi.

"Nieleze ya langoni," akamwambia. "Mimi nilikuwa upande ule mwingine wa ukuta."

"Lango lilipovunjika, mwalimu, sisi tulirudi nyuma kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Yule mtu akatazama pembeni. "Kidogo. Mpaka sokoni."

"Na mlinzi wa lango?"

"Yule alikimbilia vita. Sisi tunarudi, yeye anakwenda. Akapaziba palepale penye ufa kwa ngao yake, mpaka sisi tukapata pumzi na haya kidogo, tukarudi. Tulimkuta amekwisha."

Mwandishi akaandika. Kurasa nyingi alikuwa amekusudia kumpa mfalme, ambaye siku ile alikuwa nyuma kabisa, kwenye mto wa kukalia. Mlinzi wa lango alipata mstari mmoja. Kalamu ikateleza katika vidole vyenye mafuta, na majeruhi akawa anaomba maji, na mwandishi akamaliza haraka haraka, akakunja karatasi, ikashonwa kitabuni hivyohivyo. Yule majeruhi naye hakuiona Ijumaa. Mungu amrehemu.

Siku ya kusoma ikafika. Baraza limejaa mpaka ngazini. Mwandishi akaanza, "Naliona kwa macho yangu," na sauti ikapanda, ikashuka, watu wakatikisa vichwa. Mfalme akasikia alivyonguruma kama simba, akafurahi, ingawa hakukumbuka kunguruma. Kisha ukaja ule mstari mmoja.

"Mlinzi wa lango alikimbia vita, akauawa."

Hebu niambieni nyinyi mliosoma, na sisi ambao hatukusoma sana tutasikia vilevile kwa masikio. Alikimbilia vita. Alikimbia vita. Kimepungua nini hapo? Li moja. Ile ya pili. Katika hati za zamani za Kiarabu ni herufi moja, lamu, kijiti kirefu kimesimama. Ukiwa nayo, wewe ni mtu aliyeyafuata mauti kwa miguu yake ili wenzake wapone. Ukiwa huna, wewe ni mwoga, na mkeo ni mke wa mwoga, na wanao wameshapata jina.

Mwandishi alijua palepale. Neno lilikuwa halijamaliza kutoka kinywani, naye alishajua. Alitazama mstari ule akaona pengo, kama jino lililong'oka. Wale wanaume waliokuwa langoni, waliorudi nyuma kidogo mpaka sokoni, wakawa wanatazama vidole vya miguu yao. Maana kama mlinzi alikwenda mbele, wao walikwenda wapi?

Mfalme akauliza, "Umesema alikimbia, mwalimu?"

Kina mama, mlango wa kusema kweli si huo umefunguliwa? Kilichotakiwa ni kusema, "Nimekosea, Maulana, kalamu imeteleza." Lakini akiisema hiyo, mfalme atauliza, kwani wewe hukuona? Na kama aliona, angeandikaje alichokiona kinyume? Mwandishi akaona nazi zote zile zimejipanga mbele ya baraza zinamsubiri.

"Ndivyo ilivyoandikwa, Maulana."

"Na uliona?"

"Kwa macho yangu."

Ngao ya mlinzi ikatundikwa uso ukutani.

Waliomwosha maiti waliliona jeraha kifuani, mbele, wazi. Walisema? Walisema, wapi wasiseme. Waliwaambia wake zao, na wake zao wakasemea visimani na mafichoni wanaposukana nywele, kila mmoja akamwambia mwenzake usimwambie mtu. Barazani hakusema hata mmoja. Nani abishane na kitabu?

Mlinzi alikuwa ameacha mjane na binti, na binti alikuwa ameposwa. Haukupita muda, mama wa mposaji akaja kulirudisha sinia lilelile walilopelekewa la kuitikia posa, kitambaa chake juu, akalitua mkekani.

"Shoga yangu," akamwambia mjane, "si sisi. Ni watu."

"Watu gani?"

"Watu tu. Unawajua watu."

Mjane akamwambia, "Nawajua. Mmoja wao amekaa mbele yangu." Akamsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu, kisha akajitanda kanga akaenda kwa mwandishi.

Alimkuta kibarazani anachonga kalamu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, bibi. Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Nimekuja unisomee tena pale penye mume wangu."

"Kilichosomwa barazani kimeshasomwa."

"Najua. Ila mimi nilikuwa nyuma ya pazia, pengine sikusikia vizuri. Labda umesema neno lingine, masikio yangu yakalikata."

Mwandishi alikuwa anachonga kalamu iliyokwisha kuchongeka. Aliendelea kuchonga mpaka ikakatika. Angeweza kumwambia pale pale, wako wawili tu. Aliutazama mkono wa yule mwanamke umeshika upindo wa kanga, akataka kusema. Akasema jambo lingine.

"Wewe umesoma, bibi?"

"Sijasoma. Ndiyo maana nimekuja kwa aliyesoma." Akakaza upindo wa kanga. "Mwanangu sinia lake limerudishwa. Mimi nimezoea kulala na njaa, naweza kuzoea na hili. Lakini yule bado mdogo, atalibeba jina hili mpaka lini?"

"Mungu atafanya njia," mwandishi akasema.

"Mungu hakuandika kile kitabu," mjane akasema, akainuka, akaenda zake.

Mke wa mwandishi alikuwa nyuma ya mlango. Mimi simlaumu, mlango wa mtu ni wa kusikilizia pia. Akatoka na mwiko mkononi.

"Nenda kaseme."

"Niseme nini?"

"Kwamba uliacha herufi."

"Nikisema niliacha herufi wataniuliza nilikuwa wapi."

"Useme ulikuwa unakuna nazi. Nazi haina dhambi, mume wangu. Dhambi iko kwenye hayo macho yako unayoyasingizia kila mwaka."

Hakwenda. Lakini usingizi ulimkataa, na wali ulimkataa, na kila akipita barazani anauona mgongo wa ile ngao, mikanda inaning'inia. Akaanza kuwaza. Na mawazo ya mtu anayetaka kutengeneza jambo bila kuonekana, kina mama, ni matamu sana. Aliwaza hivi: kitabu kimelala barazani juu ya marfaa yake, kile kiti cha mbao cha kuwekea kitabu. Kwani mimi nataka kuiba? Nataka kurudisha. Nitapenyeza lamu moja katikati ya herufi mbili. Mwakani nikisoma nitasoma "alikimbilia vita," watu watadhani mwaka jana hawakusikia vizuri, ngao itageuzwa, binti ataolewa, mjane atashukuru, na mimi kilemba changu kitabaki pale pale kichwani. Nani ataumia?

Mwaona alivyokuwa mtu mwema? Alitaka kutenda haki. Alitaka tu kuitenda wakati hakuna mtu.

Akachagua Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini. Akasema tumbo linamkata. Mkewe akamchemshia tangawizi, akamtazama anavyoinywa, akajua hilo si tumbo. Adhana ilipokwisha na njia zikawa tupu, mwandishi akaingia barazani na kidau chake cha wino ndani ya kanzu. Akafungua kitabu. Mstari ule ukawa unamtazama. Akachovya kalamu, akaanza kuipenyeza lamu, taratibu, kama mtu aliyechelewa anapojibana kwenye safu ya swala.

Hakuwa na habari kwamba asubuhi ile wazee wa mji wa pili, wale maadui, walikuwa wameingia kwa lango la kisimani kuja kufunga amani. Wameswali na wenzao, na imamu kwa ajili ya wageni alifupisha hotuba. Maimamu wetu nao wangejua heri iliyomo katika kufupisha. Na baada ya salamu mkubwa wao akamwomba mfalme jambo moja: awapeleke barazani wakaone ngao. Basi wakaja wote, mfalme mbele, wageni pembeni yake, mji mzima nyuma, na wanawake waliokuwa majumbani wakasikia kishindo wakatoka wakajaa milangoni, mjane naye akiwemo.

Wakamkuta mwandishi amepiga magoti mbele ya kitabu.

Alisimama haraka. Kalamu akaificha nyuma ya mgongo, kidau akakisukuma chini ya marfaa kwa mguu.

"Mwalimu," mfalme akasema, "tumbo limepoa?"

"Limepoa, Maulana. Nilikuja kufuta vumbi."

Yule mkubwa wa wageni alikuwa hasikilizi. Alikuwa anapita ukutani, ngao hadi ngao. Akarudi katikati ya baraza.

"Ngao ninayoitafuta siioni," akasema. "Yule mtu wenu wa langoni. Wenzake wote walitupa mgongo, yeye peke yake akatukimbilia. Vijana wangu mpaka leo wanamtaja. Nilitaka niitolee salamu ngao yake, ndiyo adabu yetu kwa adui wa namna ile."

Mfalme alitazama ile ngao iliyotazama ukuta, kisha akamtazama mwandishi.

"Tusomee pale."

Sasa hapa, kina mama, nataka mnitazame usoni. Mlango umefunguliwa mara ya pili, na safari hii umefunguliwa na adui. Mwandishi angeweza kusema kweli akapona na aibu kidogo. Lakini aliinama kwenye kitabu, akaiona lamu yake imesimama pale nzuri, nyeusi, na shetani akamwambia, bahati yako.

Akasoma, kwa sauti tamu: "Mlinzi wa lango alikimbilia vita, akauawa."

Watu wakaguna. Mwandishi akatabasamu.

"Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, Maulana. Masikio ya watu ndiyo yaliyomeza li."

Mfalme akasogea mpaka kwenye marfaa. Hakuwa msomaji sana yule mfalme, lakini wino mbichi alikuwa anaujua, unang'aa tofauti. Akaweka kidole juu ya ule mstari, akakivuta polepole. Lamu ikavutika nacho, ikawa doa refu mpaka pembeni ya karatasi. Akakiinua kidole juu, baraza zima likione. Cheusi.

Kutoka mlangoni kwa wanawake ikasikika sauti ya mjane, wala hakuipandisha.

"Mwalimu, mume wangu ulimvua jina hapa hapa, baraza limejaa mpaka ngazini. Ukaja kumvika watu wakiwa hawapo?"

Hapo ndipo mimi, niliposimuliwa, nilishusha kikombe cha chai. Maana nilidhani kosa la yule mtu ni herufi. Herufi inateleza, nani ambaye hajatelezewa na herufi? Au nilidhani kosa lake ni woga, na mshale ukipita kichwani woga ni haki ya mtu. Kosa lake, kina mama, ni kwamba ubaya aliutenda mchana mbele za watu, na uzuri akautafutia uchochoro.

Na sisi je? Sisi hatuna baraza wala kitabu, lakini wangapi tumewageuzia ngao zao ukutani? Tunakaa arusini tunapaka hina, tunasema binti wa fulani alirudishwa kwao kwa sababu ya jambo fulani, na kila aliyepo anaondoka nalo. Tunaandika kwenye grupu la simu, watu wote wa msiba na wa shughuli wamo humo, kwamba fulani kala mchango. Tuliona? "Kwa macho yangu." Macho yetu yalikuwa wapi? Yalikuwa jikoni. Kisha tunajua kweli. Tunaijua mapema sana, neno likiwa halijamaliza kutoka. Hapo ndipo tunakuwa wapole. Tunamsubiri yule mtu njiani, hakuna anayeona, tunamshika mkono, tunasema, shoga, nisamehe, ilikuwa bahati mbaya. Kwenye grupu tunafuta ujumbe kimyakimya, kama kwamba uliokwisha kusomwa unafutika vichwani. Tunarudi nyumbani tunajisikia safi, tumetubu.

Tumetubu kwa nani? Mungu anapokea, sina neno, Yeye hahitaji baraza. Lakini yule binti sinia lake bado liko kwao. Wale waliotusikia wangapi wamesikia tena? Kama tulisema mbele ya watu, li yetu tukairudishe mbele ya watu haohao, mdomo ukitetemeka, kilemba kikidondoka. Ile aibu tunayoikwepa ndiyo malipo yenyewe, haina mtu wa kutulipia. Na tukingoja wakati mzuri wa kuirudisha kwa siri, wageni watafika barazani kabla wino haujakauka.

Yule mwandishi alikuwa angali amesimama. Kalamu aliyoificha mgongoni ilikuwa inadondosha wino kwenye kanzu yake nyeupe, na waliokuwa nyuma yake wote walikuwa wanaona. Wazee wa mji wa pili wanamtazama. Mkewe mlangoni anamtazama. Mjane na binti yake wanamtazama. Mfalme, kidole bado kiko juu, akamwambia:

"Soma tena, mwalimu. Na utueleze ulikuwa wapi. Kwa sauti ileile ya siku ile."